Verna Sobolak na Gauni la Kuzikiwa

Garrick Thayer simpendi, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani namficha. Simpendi kwa skafu anayovaa hata mwezi wa saba. Simpendi kwa namna anavyoniita "rafiki yangu" bila kukumbuka jina langu. Na zaidi ya yote simpendi kwa alichomfanyia Verna Sobolak. Lakini Verna naye nina lake, na langu mwenyewe ninalo, na yote nitayasema hapa hapa.

Mimi ni Chester Wargo, fundi seremala wa ukumbi wa maigizo hapa Tarrow, Pennsylvania. Ninajenga kuta zisizo na nyumba na milango isiyokwenda popote, kisha baada ya wiki nne nazibomoa. Ukumbi wenyewe uko ndani ya kiwanda cha zamani cha mashati. Nusu ya wanawake wa mji huu walishona humo wakati waume zao wako chini ya ardhi wanachimba makaa. Kiwanda kilipofungwa, mashine zilisafirishwa, matofali yakabaki, na baada ya miaka wakaja watu wa jijini wakapaka kuta rangi nyeupe na kuweka viti mia na ishirini. Pale alipokuwa akisimama msimamizi na saa yake, akihesabu dakika za wanawake waliokwenda chooni, leo wanauza mvinyo. Hee! Dunia hii.

Verna alianza kushona humo akiwa na miaka kumi na saba. Mifuko ya kifuani, mamia kwa siku. Mama yake, Bi. Justina, alikuwa meza ya kola, na kola alizishona miaka thelathini na moja. Verna aliolewa na mwanamume wa Scranton. Baada ya miaka mitatu akarudi na cherehani yake na jicho limevimba, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kiwanda kilipokufa akaenda kuoka mikate kwenye duka kubwa, saa kumi alfajiri, miaka kumi na miwili, mpaka goti la kushoto likagoma. Ukumbi ulipotafuta mtu wa kushona mavazi, akaja na mkasi wake mwenyewe. Walimlipa kwa saa, bila bima ya afya, na huku kwetu mtu asiye na bima na mwenye goti bovu halali vizuri.

Ni mwanamke mrefu, mkimya, mdomoni kila wakati pini tatu nne. Fundi hasa. Ana ugonjwa mmoja tu: akisifiwa, amekwisha. Mtu yeyote mwenye shahada na meno meupe akimwambia "Verna, una kipaji cha ajabu," basi huyo amemvika kilemba cha ukoka na anaweza kumpeleka anakotaka. Nilikuwa nikimtania, "Verna, hawa wakikwambia unaruka vizuri, utajitupa dirishani." Naye anajibu na pini zake mdomoni, "Na wewe Chet, hakuna aliyewahi kukusifu ndiyo maana una wivu." Alikuwa na haki hapo.

Basi mwaka juzi Garrick akatangaza msimu wake mkubwa. Tamthilia nne, zote juu ya matabaka ya Marekani: nani yuko juu, nani yuko chini, nani anamkanyaga nani. Ya kwanza ilikuwa ya watumishi wa jumba la matajiri. Ya pili sikuielewa, watu walikaa ndani ya bwawa tupu la kuogelea wakalia. Ya tatu ilikuwa yetu. Alisema anataka "sauti za mahali hapa." Nyoo! Miaka minne alikuwa mahali hapa, hajawahi kunywa kahawa na mtu wa mahali hapa.

Akaja chumba cha chini cha kanisa letu, Ijumaa moja ya Kwaresima, wakati wanawake wanakunja pirogi za kuuza, zile za unga zinazojazwa viazi na kuchemshwa. Alikuja na kinasa sauti. Bi. Olga Hudak, jirani wa Bi. Justina, alimtazama ile skafu akamrushia aproni. "Huku mdomo unafanya kazi mikono ikifanya kazi, baba. Kunja." Alikunja vibaya, zote zilipasukia ndani ya maji. Mimi nilikuwa pembeni namenya viazi, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Bi. Justina, mwenye miaka themanini na tisa na mgongo ulionyooka kuliko wangu, alimsimulia habari za mgomo wa mwaka hamsini na nane. Wanawake sita walichaguliwa kwenda kuonana na mwenye kiwanda. Walipatana jambo moja: hakuna atakayekwenda na nguo ya kazi. Kila mmoja atavaa nguo yake bora kabisa, soksi ndefu, glavu, nywele zimetengenezwa. Bi. Justina hakuwa na nguo bora, akanunua kitambaa cha sufu ya bluu, akashona gauni wiki mbili, kola nyeupe iliyosimama kwa wanga. "Tulisimama ofisini kwake saa mbili nzima," alisema. "Hakutupa viti."

"Na alisema nini?" Garrick akauliza.

"Alitufukuza," Bi. Justina akasema, na akaendelea kukunja.

Garrick alilia. Machozi hasa, haki ya Mungu, juu ya unga. Na kabla hayajakauka akauliza, "Gauni hilo bado lipo?"

Lipo. Na hapa lazima mjue liko kwa ajili gani. Wanawake wa parokia yetu wakifika sabini huchagua nguo ya kuzikiwa. Huning'inizwa kabatini ndani ya mfuko, na viatu chini yake na rozari mfukoni, na jirani huonyeshwa, ili siku ikifika watu wasihangaike. Kwetu jeneza huachwa wazi siku mbili, mji mzima unapita kukuaga, na unavyoonekana hapo ndivyo utakavyokumbukwa. Gauni la kuzikiwa la Bi. Justina lilikuwa lile la bluu. Lilikuwa limekaa tayari miaka ishirini.

Garrick alilitaka jukwaani. Alimtuma Verna aombe. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari langu, na nilikuwepo jikoni Bi. Justina alipolileta limelala mikononi mwake, halina doa.

"Linatoka hivi, linarudi hivi," alisema. "Unanisikia, Verna?"

"Nakusikia, mama."

"Yule mwenye skafu simpi hata leso. Nakupa wewe."

"Nakusikia, mama. Nitalitunza."

Siku ya kujaribisha mavazi, mwigizaji alilivaa. Msichana wa New York, jina lake Maren, hana ubaya. Lilimkaa utadhani limeshonwa kwa ajili yake. Nilikuwa juu ya ngazi nagongelea dari la jiko la uongo, nikaacha kugonga. Alitoka mtu mwenye heshima zake. Verna alitabasamu na pini zote mdomoni.

Garrick alimzunguka Maren mara mbili. "Haiwezekani," akasema. "Limependeza mno."

"Ndivyo lilivyokuwa," Verna akasema.

"Najua, Verna mpenzi, najua. Lakini mtu wa kiti cha mwisho ataona mwanamke amevaa vizuri. Hatasikia njaa. Nataka aione njaa." Akaanza kuonyesha kwa kidole, hapa, hapa, hapa. Viwiko visuguliwe mpaka viwe vyeupe. Kola ilegee, iwe na rangi ya jasho. Pindo litatuke. Mkono wa kulia upasuliwe, utiwe kiraka kikubwa cha rangi nyingine. Waigizaji wana neno lao kwa kazi hiyo. Mimi naiita kuchakaza.

Nilishuka ngazi. "Ashone lingine linalofanana na hili, alichakaze hilo," nikasema. "Kitambaa kipo."

"Kwenye kijitabu cha tamthilia tumeandika ni gauni halisi," akanijibu. "Siwezi kuwadanganya watazamaji, rafiki yangu."

Jamani! Alitaka gauni la kweli, kisha alitaka gauni hilo la kweli liseme uongo, na hakuona tatizo lolote. Nilitamani kumzaba kibao na ile skafu yake. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alimwekea Verna mkono begani, akashusha sauti.

"Bodi inakaa Jumatatu kuhusu ile nafasi ya mkuu wa mavazi. Mshahara wa mwezi, bima, kila kitu. Nimewaambia ni wewe. Nimewaambia una jicho la msanii. Sasa kama hili ni zito kwako, nitampelekea mtu wangu wa jijini alifanye, si neno."

Alipoondoka nikamwambia, "Verna, usithubutu."

"Lisipofanywa na mkono wangu, litafanywa na mtu atakayelikata kwa mkasi wa karatasi."

"Mrudishie mama yako. Leo."

"Wewe Chet una bima ya chama chenu cha maseremala," akasema. "Mimi nina goti. Nikimaliza maonyesho nitalitengeneza, hutaona palipopasuka. Mama hatakuja. Nitamwambia tiketi zimekwisha."

"Huyo mama unamjua au unamsikia tu?"

"Niache."

Alhamisi mchana alikuja kwenye karakana yangu kuomba msasa. Nilimuuliza namba gani. Akasema themanini, ule mkali. Nikampa. Sikumuuliza wa nini kwa sababu nilijua, na nilimpa. Kupitia ukutani nilisikia anasugua, kwa muda mrefu, anaacha, anaanza tena. Na kama kuna mtu anataka kunitukana kwa hilo, nimeshajitukana mwenyewe mara nyingi.

Ijumaa bodi ikampigia simu kabla hata ya kukaa. Nafasi imekuwa yake.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili saa nane mchana. Saa saba u nusu Verna yuko nyuma ya pazia anamfunga Maren vifungo. Nikachungulia ukumbini kuangalia taa, na nikamwona Bi. Justina anaingia, kofia kichwani, Bi. Olga mkononi, mtu wa mlangoni anawaongoza mpaka mstari wa pili katikati. Garrick alikuwa amewapelekea gari na maua. Alitaka kuwashangaza watu.

Nilikwenda kumwambia Verna. Mikono yake ilisimama kwenye kifungo cha tatu.

"Mpe Maren sketi ya kijivu," nikasema. "Ile ya tamthilia ya kwanza. Bado una nusu saa."

Aliitazama sketi ilipokuwa imening'inia. Naapa aliitazama, nusu saa ilikuwepo na sketi ilikuwepo. Halafu Garrick akapita nyuma yetu, akalitazama gauni, akaweka mkono kifuani. "Verna," akasema, "hii ndiyo kazi yako bora kuliko zote." Na mikono yake ikaendelea na kifungo cha tatu, na cha nne, na cha tano.

Tamthilia yenyewe nisiiseme sana. Maren alitoka amevaa matambara ya bluu, akamlilia mwenye kiwanda, akapiga magoti. Wanawake sita hawakupiga magoti kwa mtu, lakini Garrick aliona hapo panafaa magoti. Bi. Justina alivaa miwani yake. Hakuivua saa moja na dakika arobaini.

Ukumbi wetu una desturi: maigizo yakiisha watu hawaendi nyumbani. Wanabaki kuzungumza walivyojisikia. Mtu amelipa dola arobaini na tano, sasa anashika kipaza sauti kuomba radhi kwa kuwa nazo. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alisema hatanunua shati tena bila kufikiri. Mwanamume mmoja alisema babu yake naye alikuwa maskini, akapigiwa makofi kana kwamba amemzaa yeye huyo babu. Ndipo Garrick akapanda jukwaani, macho yamelowa.

"Yupo hapa," akasema. "Mwanamke ambaye maisha yake mmeyaona leo. Bi. Justina Sobolak!"

Makofi. Wakampa kipaza sauti. Alisimama, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele yake.

"Huyu kijana alipokuja kanisani aliniuliza mwenye kiwanda alisema nini," alianza. "Sikumwambia, kwa sababu kulikuwa na watu na niliona aibu. Sasa nitasema. Alitutazama kutoka viatuni mpaka kofiani, akasema: wanawake waliovaa hivi wana njaa gani? Nendeni. Hayo tu. Alitaka twende kwake na matambara, tukilia. Tusingemhangaisha kabisa tungekuwa na matambara." Akamgeukia Garrick. "Tulikataa kumpa. Leo umempa wewe."

Garrick alitingisha kichwa taratibu, kama mtu anayesikia muziki. Mjinga yule alidhani anasifiwa.

"Njoo hapa, binti," Bi. Justina akamwambia Maren. Maren akashuka, uso umemwiva. Bi. Justina akaushika mkono wa kulia wa gauni, akakisogeza kiraka karibu na miwani, akakipitisha kidole pembeni pole pole. Kiraka kilikuwa cha kahawia, na nyuzi zake zilikuwa ndogo, sawa sawa, hakuna hata moja iliyokwenda kombo.

"Nani ameshona hapa?"

"Ni idara yetu ya mavazi—" Garrick akaanza.

"Sijakuuliza wewe."

Verna alitoka nyuma ya pazia. Alikuwa bado na mkebe wa pini mkononi. "Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Ningeijua hata gizani. Nimeuliza ili useme." Akauachia mkono wa gauni. "Hawa hawanijui, Verna. Wewe unanijua."

Basi, na mtaniambia nasema uongo, lakini watu wale walisimama. Mia na ishirini, wamesimama, wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Verna yuko pale anaungua mbele yao na wao wanapiga makofi. Kesho yake Garrick alinipigia simu kuuliza kama bibi anaweza kuja kila Jumapili aseme tena maneno yale. Nilimjibu maneno ambayo hayaandikiki.

Gauni lilirudi nyumbani siku ile ile, ndani ya mfuko, na Bi. Justina ndiye aliyelipakata garini mwangu. Maren alimalizia wiki nne na sketi ya kijivu. Hakuna mtazamaji aliyelalamika.

Verna alipata nafasi yake. Alipata bima, wakampasua goti na kumwekea jipya, sasa anapanda ngazi kunishinda. Kila Jumapili alikwenda kwa mama yake, na kila Jumapili mama yake alimpakulia tambi na kabichi na kumweleza habari za theluji na bei ya mafuta. Hakumfukuza. Ingekuwa afadhali angemfukuza. Mara moja tu Verna alikwenda na sindano na sufu ya bluu aliyoitafuta miezi mitatu mpaka akapata rangi ile ile. Bi. Olga alikuwepo, ndiye aliyenieleza.

"Mama, nipe siku mbili tu. Hutaona kitu."

"Una kazi, una bima. Unataka nini tena?"

"Mama, tafadhali. Watu watakuona."

"Ndiyo," Bi. Justina akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Na alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwa mzishi, Zelinka, kwa miguu yake, kumwachia maagizo kwa maandishi. Gauni la bluu, lilivyo. Asiliguse mtu kwa sindano.

Alifariki mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, asubuhi, akivaa viatu kwenda misa. Kwa Zelinka foleni ilifika barabarani. Waliingia wote: waliobaki wa meza ya kola, watoto wao, mapadri wawili, watu wa zimamoto, watu wa chama cha wafanyakazi. Kila mmoja alisimama mbele ya jeneza akamwona Justina Sobolak, mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona na kola iliyokunjamana, amelala na viwiko vilivyokwaruzwa, kola ya rangi ya jasho na kiraka cha kahawia. Halafu kila mmoja aligeuka upande wa kulia, kwa kuwa ndivyo foleni inavyokwenda, akampa mkono Verna. Wengine walisema pole. Wengine walimpa mkono tu wakapita. Siku mbili.

Garrick naye alikuja, na shada kubwa kuliko la familia. Alisimama mbele ya jeneza muda mrefu, akaja kuninong'oneza, "Amechagua kuzikwa na vazi letu. Unajua hii ni heshima kiasi gani kwa ukumbi?" Nilimshika kiwiko nikamtoa nje mpaka kwenye theluji, na nikafunga mlango.

Niliporudi, foleni ilikuwa imekatika kidogo. Verna aliondoka mahali pake, akainama juu ya mama yake. Alichukua ile rozari, akaitandaza upya, akavuta mkono wa kushoto wa mama juu ya wa kulia, polepole, mpaka kiraka kikafichika. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya kazi yake kama siku zote, na alikaza midomo kama ana pini mdomoni.

Bi. Olga aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Akaja, akaurudisha mkono wa marehemu ulipokuwa, akainyoosha rozari.

"Acha, mwanangu," akasema. "Alisema lionekane."

Verna akarudi mahali pake, na mtu aliyefuata akampa mkono.